Felista Makungu, Msimamizi wa Kazi za Nje

Baba Paroko, Bwana Sheha, wazee wetu, majirani wa Bububu, wafanyakazi wa Mrashi na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi ya leo, tarehe 5 Machi 2024, mkaja kutushika mkono, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, Assalaam alaykum. Mimi ni Kasian Makungu, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kwa kuwa yeye hakuwahi kumpa mtu kazi bila ya kumwambia anaitaka vipi, aliniita wodini mwezi uliopita akaniagiza nisome kwa sauti ya kusikika, nisimfanye malaika, na nisiwaweke watu juani. La jua naona limeshanishinda, mtanisamehe, lakini hayo mengine nitajitahidi.

Felista alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa hapa Bububu, mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Makungu, fundi seremala aliyevuka maji kutoka Tabora, na marehemu Mama Veronika, ambaye wengi wenu mlikula maandazi yake kabla hamjajua kusoma. Mama alipomtuma mmoja wetu dukani, Felista alitoka nyuma yake bila ya kuambiwa, akasimama pembeni kuangalia sukari inapimwaje na kama mafuta yametiwa kwenye chupa iliyooshwa, na kwa sababu hiyo sisi wadogo tulimwita Polisi, jina ambalo hakulipenda na ambalo hatukuliacha.

Alianza shule ya msingi Bububu mwaka 1978, akamaliza sekondari mjini mwaka 1989, kisha akavuka kwenda Dar es Salaam kusomea teknolojia ya chakula, akatunukiwa stashahada yake mwaka 1994, na mwaka huo huo akaajiriwa katika jiko la hoteli moja ya Shangani. Kwa utaratibu nilipaswa kueleza sasa habari za kazi yake, lakini nawajua nyinyi na ninaijua kazi yenyewe, nikiianza sitafika kwenye ndoa, kwa hiyo niruhusuni nitangulize ndoa. Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa takatifu na Bwana Anselm Mhando, fundi umeme, ambaye yuko hapa mbele yenu, mtu mpole aliyetuambia juzi kuwa katika miaka yote hiyo hakuwahi kuleta samaki nyumbani bila ya kuulizwa amevuliwa wapi na amekaa kwenye barafu tangu saa ngapi. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Imelda aliyezaliwa mwaka 1998, na Gasper aliyezaliwa mwaka 2003.

Tarehe 2 Januari 2009 alijiunga na Kampuni ya Viungo ya Mrashi, yenye jengo lake Malindi, pale mjini, na baada ya miaka mitatu akafanywa msimamizi wa ubora. Mrashi, kwa wasioijua, wanauza mdalasini, iliki, pilipili manga, vanila na viungo vya pilau vilivyosagwa, hotelini na nje ya nchi, lakini jengo la Malindi lenyewe ni la kuchanganya na kufunga tu, kazi nyingine zote walipewa watu wa nje, kukausha ni mashambani, kusaga ni kwa Mzee Wakil pale Mwanakwerekwe, kufua nguo za kazi na vitambaa vya kuchekechea ni kwa Bi Nadra, jirani yetu hapa Bububu. Mkurugenzi, Bwana Mudrik, ambaye amekuja na atanivumilia kwa kuwa yeye mwenyewe huisimulia habari hii akiwa anacheka, alikuwa na msemo wake siku zile, kwamba kilichofanyika nje ya mlango wa Malindi si chake.

Mwaka 2014 mteja wa Ulaya alirudisha vanila akisema inanuka moshi, na kiwandani watu wakatazamana, maana hapakuwa na anayevuta sigara wala anayewasha moto. Felista akanusa vanila, akanusa magunia, akanusa mwisho vile vitambaa vya kuchekechea, akacheka peke yake, kwa sababu harufu ile aliijua tangu utoto, ilikuwa udi wa Bi Nadra. Mwenzetu huyu, kwa ustaarabu wake, haitoi nguo nyumbani kwake bila ya kuifukiza, na vitambaa vya Mrashi alivifukiza vizuri zaidi kuliko vingine kwa kuwa ni vya kampuni. Felista hakumgombeza, na angemgombeza kwa lipi, alimwendea akakubali chai yake, akamweleza kuwa vanila ina wivu na haitaki harufu nyingine, na tangu siku hiyo nguo za Mrashi zikawa zinaanikwa juani na kurudishwa zikinuka jua tu.

Hapo ndipo dada yetu alipoanza kusema lile neno ambalo wafanyakazi wenzake walichoka kulisikia, kwamba kazi unaweza kumpa mtu wa nje, lawama huwezi kumpa. Akataka kampuni izijue kazi zake zote za nje, ijue kila moja inaweza kuharibu nini, na iweke namna ya kuisimamia kwa kadiri ya madhara yake, anayeleta maboksi matupu atazamwe kwa jicho moja, anayesaga chakula kitakachoingia tumboni mwa mtu atazamwe kwa yote mawili. Bwana Mudrik alimsikiliza, akamsifu, akamwambia wataliangalia, na mnajua wenyewe jambo likishaambiwa litaangaliwa linakaa muda gani.

Tarehe 11 Mei 2017, katikati ya mwezi wa Shaaban, mgeni mmoja kwenye hoteli ya Kendwa alikula chakula kilichotiwa viungo vya Mrashi, koo likamvimba akakosa pumzi, na kama si daktari aliyekuwa meza ya pili leo tungekuwa tunasema mengine. Alikuwa mtu ambaye karanga kwake ni sumu, na vipimo vikaonyesha kuwa ndani ya viungo vya pilau mlikuwa na karanga. Hoteli zikarudisha mzigo, jina la Mrashi likaanza kutembea mjini kwa ubaya, na Malindi kila mtu akaapa kwa imani yake kuwa hajawahi kuingiza hata punje.

Felista alikwenda Mwanakwerekwe, akaketi kwenye benchi la mashine ya Mzee Wakil toka asubuhi, hakuuliza kitu, akangoja. Kabla ya adhuhuri majirani wakaanza kuja, maana Shaaban ndiyo Shaaban, kila nyumba inajitayarishia Ramadhani, huyu ana ngano yake ya boko boko, huyu ana mchele, huyu ana beseni la karanga za kashata, na kila mmoja anaomba asagiwe kidogo tu, na Mzee Wakil anamsagia, bila ya malipo, baina ya gunia moja la Mrashi na jingine. Felista alipomweleza kilichotokea Kendwa, mzee yule alikaa chini akashika kichwa, akamjibu kwa sauti ndogo, "Mwanangu, n'tamkatalia vipi jirani, na mwezi ndo huu?" Dada aliniambia kuwa hilo ndilo jambo lililomuuma kuliko yote, kwamba mtu alikaribia kufa kwa sababu ya hisani, wala si kwa uvivu au tamaa.

Wakubwa wa kampuni walitaka mashine ya Mzee Wakil iachwe siku ile ile na usagaji upelekwe Bara, na kwa mzee aliyekuwa akila na kulisha wajukuu kwa mashine ile, hilo lilikuwa kufungiwa mlango. Felista akasimama kikaoni akasema kuwa Bara nako kuna majirani, kwamba ukimkimbia mtu wa nje bila ya kumsimamia utamkuta mwingine mwenye kosa jingine, na kwamba kosa lilikuwa letu tuliompa mzee magunia bila ya kumwambia hata siku moja nini kisiingie kwenye mashine. Akaomba mwaka mmoja, na akaweka kazi yake rehani, mkaguzi wa cheti cha ubora akija na kukuta usagaji si salama, yeye na mzee wataondoka pamoja. Mimi nilimwambia ana kichaa, shemeji Anselm alikwenda kukagua nyaya za umeme za mashine ile kwa mkono wake.

Alilolifanya lilikuwa jepesi kulisema. Hakumkataza Mzee Wakil kuwa jirani mwema, kwa sababu alijua hataweza, aliifanya kampuni inunue mashine ndogo ya pili ikawekwa barazani kwa ajili ya majirani, na ile kubwa ikajengewa chumba chenye mlango na kufuli. Wakakubaliana kwa maneno na kwa maandishi nini kinaingia na nini hakiingii, mashine ifunguliwe na kusuguliwa kabla ya kazi, usitiwe mzigo mpaka sampuli ipimwe, na fundi wa mashine akibadilishwa, watu wa Malindi wajue kwanza. Kila mzigo ulipofika ulipimwa tena kabla ya kufungwa, na yeye mwenyewe akawa anatokea Mwanakwerekwe siku ambayo hakuna anayemtarajia, akiwa na kapu la sokoni mkononi kana kwamba amefuata mchicha.

Kisha akafanya jambo lililowatia watu hofu, mkaguzi alitaka kuja mwezi wa Februari 2018, yeye akamwomba aje Shaaban, wakati majirani wamejaa. Tarehe 3 Mei 2018 mkaguzi alifika kwa Mzee Wakil pamoja na Bwana Mudrik, na hawajakaa vizuri akaingia Bi Ummkulthum, mama yake mzazi Bwana Mudrik, na mtumishi wake nyuma amebeba beseni la karanga, akaelekea moja kwa moja kwenye ile mashine kubwa kwa kuwa ndiyo inayomsagia mwanawe. Bwana Mudrik anasema alitamani ardhi ipasuke. Mzee Wakil akasimama mlangoni, akamwamkia kwa heshima zote, akasema, "Bi Mkubwa, n'samehe, humu karanga haiingii hata iwe ya mama'ngu mzazi, ya majirani ile pale barazani, nipe beseni n'kusagie sasa hivi." Bi Ummkulthum akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama paa, na beseni likaenda barazani. Cheti kilitoka mwezi wa Juni, hoteli zikarudi na za Kendwa zikiwa mbele, na Mzee Wakil, ambaye asubuhi hii amewaachia vijana wake mashine akakaa safu ya pili na kanzu yake nyeupe, anasagia Mrashi hadi leo.

Niwaambie ukweli mmoja aliouficha kwa watu wa kazini, ushindi ule haukumridhisha. Alirudi nyumbani akaniambia kuwa bado hajui kama kazi ni safi kwa sababu ya utaratibu, au kwa sababu ya kumwogopa yeye na kapu lake, na kuwa usimamizi unaotegemea miguu ya mtu mmoja utakufa na miguu hiyo. Ndiyo maana akawafundisha wenzake, akawagawia ziara zake mmoja mmoja, akajilazimisha kukaa Malindi siku ambazo moyo wake wote ulikuwa Mwanakwerekwe.

Mwezi Agosti 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa hapa na Dar es Salaam, akapata nafuu, akarudi kazini, na tarehe 8 Februari mwaka huu akalazwa tena Hospitali ya Mnazi Mmoja, hali ikiwa imeshakuwa nzito. Ukaguzi wa mwaka ulipangwa Shaaban kama alivyouzoesha, tarehe 27 Februari, na kwa mara ya kwanza yeye hakuwepo. Aliteseka kwa hilo kuliko kwa maradhi, tulimwona. Jioni yake Bwana Mudrik alikuja wodini kumwambia kuwa hakukuonekana dosari hata moja, na dada, ambaye sauti ilikuwa imeshamwishia, akauliza kwa kunong'ona nani aliyempeleka mkaguzi kwa Mzee Wakil. Bwana Mudrik akamjibu, "Hakuna, Da Felista, kaenda mwenyewe bila ya kutwambia, kamkuta mzee anasugua mashine." Alifumba macho akatabasamu, na akalala usiku ule bila ya kuomba dawa ya maumivu. Alifariki dunia tarehe 2 Machi 2024, alfajiri, akiwa na mumewe na watoto wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mnazi Mmoja kwa upole wao, majirani zetu ambao mmepika na kutandika bila ya kuitwa, Baba Paroko kwa sakramenti, Bi Nadra aliyelifua gauni analozikwa nalo, na uongozi na wafanyakazi wa Mrashi, ambao hatuwezi kumtaja kila mmoja, tunaomba kila mmoja apokee shukurani hizi kama amepewa mkononi. Tumempoteza mtu, na inauma, lakini tunamzika mshindi.

Felista, dada yetu, Shaaban haijaisha, Mwanakwerekwe watu wamejaa na mabeseni yao, na mashine mbili zinasaga kila moja chake, wala hakuna aliyesimama kuangalia. Pumzika kwa amani.