Mwalimu Sushila Anakwenda Kulala

Jumamosi ya tarehe 18 Julai 2026, Mwalimu Sushila Raval anastaafu baada ya kufundisha hesabu miaka ishirini na sita katika skuli yetu ya Jumamosi hapa Hayes, ughaibuni. Kamati imeniomba mimi wa jikoni niandike, kwa kuwa wasomi wote wana shughuli. Haya, someni.

Sushila ni mtoto wa Mjini, Unguja, kwao duka la vitambaa. Alikuja hapa ukumbini kwa gari bovu kutoka Hounslow, akasema anataka kufundisha watoto takwimu. Tulicheka. Nani anaamka Jumamosi kwa ajili ya takwimu? Yeye akafunga kitabu, akawauliza watoto jana usiku walilala masaa mangapi. Tangu siku hiyo darasa lake ndilo lenye kelele kuliko yote. Chapati zangu zinapoa, wao bado wanagombania wastani.

Mwanzoni watoto wote walijibu masaa manane. Mama zao ndio waliowafunza. Sushila akawaambia hizo ni adabu, si takwimu. Ndipo akaanzisha mtindo wa nukta: kila mtu, walimu na sisi wa jikoni tumo, anachora nukta ya masaa aliyolala kwenye chati, bila jina. Na nukta iliyokaa mbali na nyingine haifutwi ati kwa sababu inaharibu sura ya chati. Inaulizwa kwanza.

Mwezi wa Machi nukta moja ilikaa peke yake chini kabisa. Mtu huyo halali, anasinzia tu. Sushila akasema labda kuna aliyekosea, tuendelee. Mjukuu wangu Sundus, ambaye kuona haya hakurithi kwangu, akamwambia, "Mwalimu, si ulisema tuulize kwanza?"

"Haya, ni yangu," akasema Sushila.

Kumbe wazazi wakitoka zamu ya usiku uwanja wa ndege ndipo wanapompigia simu: barua ya skuli, mtihani wa mtoto, hata ugomvi na mwenye nyumba. Naye anapokea zote, na daktari alishamwonya kuhusu presha. Muhsin, mwanafunzi wake mmoja, akasema polepole, "Baba yangu ndiye anayepiga." Anapiga kweli, na wenziwe pia. Wanajijua.

Mwaka juzi alitaka kustaafu, na mwaka jana tena. Kamati ikamlilia, akabaki. Safari hii walipokuja tena kulia, watoto walikuwa wameibandika ile chati kwenye mlango wa chumba cha mkutano. Watu wazima tisa wakaisoma, wakamruhusu aende.

Mwalimu, ahsante. Watoto wetu sasa hawakubali hesabu ya mtu mpaka waulize imetoka wapi, na majumbani wanatuchosha. Tunakuombea afya njema na usingizi usiokatwa na mtu.

Wazazi, namba yake nimeiondoa kwenye ubao wa matangazo. Mwenye shida anipigie mimi, mchana, na aseme upesi.

Bi Mwanabaraka Shaame, jikoni