Mwenye Kikombe Ndiye Mwenye Neno

Ukitoka soko la Changamwe ukashika njia ya kuteremkia Kipevu, kabla hujafika pale malori yanapopanga foleni ya kuingia bandarini, kuna ubao mrefu uliong'olewa ubavuni mwa lori bovu ukalazwa juu ya matofali. Hapo ndipo Mizani, baraza ya kahawa ya wazee wa mtaa. Jina hilo wenyewe walijipa, kwani hakuna kitu duniani ambacho hawajakipima: mawaziri, mapenzi, samaki, hata ndevu za watu. Mweri, Mduruma wa Mariakani, hutua dele lake la kahawa pale baada ya sala ya alasiri, na pana sheria moja tu, ya miaka na miaka. Kikombe ni kimoja, na mwenye kikombe ndiye mwenye neno. Ukikipokea unasema, wala haruhusiwi mtu kukukata kauli mpaka unywe uishe. Kikiisha, na wewe umekwisha. Mweri anakisuuza kwa maji moto, anakijaza, kinakwenda kwa mwingine. Anayeona kinyaa kunywea kikombe cha mwenzake akanywe soda dukani.

Mzee Hadi alikuwa na wiki tatu hajakishika. Na yeye si mtu wa kunyamaza, haswa zikitajwa ngumi. Kwao Jomvu Kuu wanamjua kwa duka lake la misumari na rangi, lakini pale ubaoni jina lake ni Nusu Tani, kwani ujana wake aliumalizia ulingoni, uzito wa juu, miaka kumi na miwili, tangu Mombasa hadi Kampala. Wiki ya kwanza alisema amefunga sunna. Ya pili akasema daktari amemkataza kahawa. Ya tatu alitikisa kichwa tu, na Mweri akakipitisha kikombe mbele yake bila kuuliza.

Ukweli ni kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa hautulii tena. Ulianza kidole gumba, ukaja kiganja, sasa ni wote mpaka kiwiko. Nyumbani mkewe, Bi Suad, alikuwa akimtilia chai nusu kikombe, na kila siku akimwambia awaeleze wenziwe, kwani maradhi si aibu. Akimjibu, "Nitawaeleza," kisha akija barazani ameshika tasbihi. Mtu avutaye uradi hakuna amuulizaye mbona mkono wake unakwenda. Mzee mzima akijificha nyuma ya shanga tisini na tisa, na moyoni akiona haya mbele ya Mola wake, lakini afanyeje? Pale ubaoni yeye ndiye Nusu Tani. Wakiuona mkono ule, wataanza kumsemesha kwa upole, na upole wao huo ndio aliokuwa akiuogopa.

Jumatano hiyo aliyelianzisha ni Fidel, wakala wa kutoa mizigo bandarini, ambaye wao humwita Fomu kwa vile kwake lisilo na karatasi halipo. Alipokea kikombe, akavuta suruali magotini.

— Mimi nasema hivi. Ali wenu huyo wa zamani, angepanda leo na Fury, hamalizi raundi nne. Ali ni futi sita na inchi tatu. Fury ni sita na tisa, na kwa kilo amemzidi ishirini na ushee. Hiyo ni kontena ya futi ishirini mbele ya futi arobaini. Utaipangaje?

Akanywa taratibu, akaendelea kuwashusha mabingwa wa zamani mmoja mmoja kama mtu apakuaye shehena. Frazier mfupi. Foreman ana nguvu lakini pumzi hana. Wote aliwarudisha kwao kwa kukosa vipimo.

Mzee Hadi jawabu analo, limemkaa kwenye ncha ya ulimi. Kwani Usyk, bingwa wa leo hii, ni mrefu wa nini? Kimo chake na cha Ali ni kile kile, na huyo Fury wao amempiga mara mbili. Neno moja tu lile, Fomu angezikunja karatasi zake zote. Lakini neno limo ndani ya kikombe, na kikombe hakishikiki. Akasukuma shanga, akatazama malori.

Kikombe kikaenda kwa Gedion, dereva wa lori, mtu wa bara, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na cha Nairobi na methali zake hazijapata kutua pahali pake hata siku moja.

— Buda, hao wa kitambo walikuwa wanapiga raundi kumi na tano. Hawa wa leo ni kumi na mbili na wanalia. Mnajua ni kwa nini? Zamani siku ilikuwa ndefu. Nyanyangu aliniambia, mtu alikuwa analima shamba mzima na bado jua liko juu. Sasa dakika tatu za wakati huo ukizipima na saa ya leo, hizo ni kama tano. Kwa hivyo Ali amepigana masaa mob kushinda vile imeandikwa. Na wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe. Ndio maana hao majamaa walikuwa wanabeba mawe kwa mazoezi.

Wakageuka wote wamtazame Mzee Hadi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kumsahihisha Gedion methali zake, na wakiipenda kuliko kahawa yenyewe. Mzee Hadi alikohoa kidogo, akavuta uradi. Gedion akangoja, akamaliza kikombe chake kwa unyonge, kama mtu aliyepika na hapana aliyekula.

Mweri naye alijitilia, kwani sheria ni yake na haki anayo. Kwa maoni yake yote haya ni mhogo. Wa zamani walilelewa kwa mhogo na ndiyo maana shingo zao zilikuwa ngumu. Wa leo ni mayai, na shingo ya mayai haihimili ngumi. Fidel alipokipata tena kikombe alijibu kwamba glavu za zamani zilitiwa singa za farasi, na farasi asili yake ni kupiga teke, kwa hivyo sifa zile nusu ni za farasi. Mambo yalikuwa yamefika huko wakati aliposimama mbele yao msichana mmoja, mpana wa mabega, na mkoba wa mazoezi begani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Gedion akawajulisha. Huyu ni Lynnette, amehamia ploti yao mwezi uliopita, kazi yake ni karani wa mizani ya malori, na jioni anapiga ngumi. Uzito wa juu. Wazee wakamtazama upya, Mzee Hadi akamtazama kwenye nyusi, mahali ambapo bondia humtazama bondia. Palikuwa na kovu bichi.

— Gedi ameniambia nyinyi ndio mnajua mabondia wa zamani. Nilikuwa na swali.

— Hapa hakusemwi bila kikombe, alisema Gedion.

— Swali ni bure, alisema Mweri. Sema, mwanangu.

Lynnette alihamisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile.

— Niko na pambano Jumamosi. Lakini ile ya mwisho nilipigwa, na asubuhi yake sikukumbuka nilifika nyumbani vipi. Mpaka leo sikumbuki. Kocha anasema nisijali, siku ya kuacha bondia mwenyewe hujua. Sasa nauliza. Hao wa zamani mnaowasifu, walijuaje kama imetosha?

Fidel alipokea kikombe kilichojazwa. Hapa hapana vipimo wala karatasi. Alikunywa chote, kimya, na hilo halijawahi kuonekana Mizani tangu iwekwe. Gedion naye akapewa, akafungua mdomo atoe methali, methali isije. Akanywa. Lynnette alikuwa bado amesimama, akiwatazama mmoja baada ya mmoja.

Mweri akakisuuza, akakijaza, akamnyooshea Mzee Hadi kwa ada tu, huku mkono mwingine ukijiandaa kukipitisha.

Mzee Hadi alilitazama lile kovu. Kisha akakunja tasbihi, akaitia mfukoni. Mkono wake wa kulia ulibaki pale pajani, mtupu, na haukutulia. Wakauona. Aliunyanyua vivyo hivyo, kwani kitu hupokewa kwa mkono wa kulia, akakishika kikombe.

Kahawa ilimwagika. Ilimwagika juu ya vidole, ikamwagika kwenye kanzu nyeupe, ikachuruzika mpaka kwenye ndara, na alipoleta mkono wa kushoto kusaidia ndipo ikamalizika kabisa. Kikombe kikawa kitupu, na hajasema neno.

— Mzee, kimeisha, alisema Gedion.

Mazoea tu hayo, miaka sita ya sheria ile ile. Neno likishamtoka alitamani ardhi ipasuke immeze.

— Kimemwagika, alisema Mweri. Sheria ni kunywa. Huyu hajanywa.

Akatia tena, robo, akachutama mbele ya mzee na kuweka kiganja chake chini ya kile kilichokuwa kikitetemeka. Hakumtazama usoni. Mzee Hadi akapiga funda moja, na ile hofu yake ya wiki tatu akaiona imempita, haipo, kumebaki huzuni tu.

— Fidel, jawabu lako ninalo, alisema. Nitakupa kesho. Leo namjibu huyu.

Akamgeukia Lynnette.

— Sikujua, mwanangu. Hakuna ajuaye. Kichwa ndicho kipigwacho, na kichwa hicho hicho ndicho uambiwacho ukiulize. Kitakujibu nini? Mke wangu alijua. Mwaka ule nilianza kumwita mwanangu Taha kwa jina la ndugu yangu, na ndugu yangu ni marehemu. Akanambia, Hadi, yatosha. Nikamwambia wewe mwanamke wajua nini. Nikapigana miaka minne tena. Ukumbi wote ukiimba jina langu, nami nikidhani wanipenda. Wangenipenda wangenambia nikae.

Alikunywa tena, Mweri akatia tena, na hakuna aliyesema kimeisha.

— Jumamosi usipande. Kwanza ukaangaliwe kichwa. Kocha wako n'tamwendea mimi. Akiuliza kwa nini, n'tamwomba anipe chai, ajionee.

Lynnette alicheka kidogo, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. Akauliza je, wakimwambia amepona?

— Ukipona utapanda, n'takuzuia kwani mimi ni nani? Lakini pembeni mwako akae mtu ambaye hakuja kushangilia. Una nani hapa Mombasa?

— Sina mtu. Watu wangu wako Kakamega.

Mweri aliinua dele, yakamiminika masimbi matupu, yale machicha ya chini. Kahawa ilikuwa imekwisha, na kwa kawaida hapo watu hujipangusa makalio wakaenda zao. Fidel alijivuta upande, akampa Lynnette nafasi ya kukaa.

— Basi n'takaa mimi, alisema Mzee Hadi. Na taulo begani. Nikiona yatosha nalirusha ulingoni, pambano likome, utake usitake. Mkono huu kikombe umeshashindwa kukishika, nyote mumeona. Lakini taulo halishikwi, mwanangu. Taulo ni la kutupa.