Mwalimu Edina na Watoto wa Wagonga Kokoto

Marehemu Edina Ndahani alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 katika kijiji cha Zanka, mtoto wa nne wa Mzee Ndahani Mlugu na Mama Marita.

Alisoma hapo hapo Zanka, akamaliza darasa la saba mwaka 1973. Sekondari hakwenda. Mama yake aliugua, na wadogo zake watatu wakabaki mikononi mwake. Baadaye alipenda kusema kwamba ualimu hakuusomea, aliukuta nyumbani.

Kuanzia 1979 alifundisha chekechea ya kanisa Makole kwa miaka ishirini na saba. Tarehe 18 Julai 1981 alifunga ndoa na marehemu Bartolomayo Chisomo, fundi mwashi, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza Hana.

Walipohamia Msalato alidhani amekwenda kupumzika. Lakini kila asubuhi aliwaona akina mama wakigonga kokoto, watoto wao wamekaa kwenye vumbi. Shule ilikuwa mbali kwa mtoto wa miaka mitatu. Januari 2008 akatoa vyombo vya kazi vya mumewe stoo, akatandika mikeka, pakawa darasa la watoto wale.

“Mama Hana, na mimi mchana nitalala wapi?” mzee wake alilalamika.

“Utalala nao. Saa tano wanalala wote.”

Akalala nao kweli, siku nyingi, hadi watoto wakamwita mwanafunzi mkubwa.

Mwezi wa kwanza aligundua kwamba wanaosinzia asubuhi hawakuwa wavivu. Walikuwa hawajala tangu jana. Tangu hapo alianza siku kwa kukoroga uji wa uwele, masomo yakafuata.

Mzee alifariki mwaka 2015. Mama akaendelea peke yake, magoti yakimsumbua, na Juni 2017 akawaambia wazazi, “Jamani, nimechoka. Nafunga.” Hakuna aliyemlaumu. Siku ya tatu, akienda gengeni, alisikia sauti ndogo ya mwanafunzi wake mmoja ikihesabu ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli. Akasogea dirishani.

“Naima? Nani kakufungia?”

“Mama. Kaenda kokotoni. Amesema tusiguse jiko.”

“Uko na nani?”

“Na mdogo wangu. Namfundisha.”

Jiko la mkaa lilikuwa humo humo, bado lina moto. Mama Edina alikaa chini ya dirisha lile, akahesabu nao hadi mama yao aliporudi saa nane. Hakumgombeza. Alimwambia tu, “Kesho walete.” Akafungua tena, na hakufunga siku nyingine. Sisi wanawe tulimsihi astaafu, akatujibu, “Mkipata wa kukaa nao, nami nitapumzika.” Hatukumpata. Ukweli ni kwamba hatukumtafuta sana.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 2019. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, kidonda kilimtokea mguuni, akakificha kwa soksi hadi shule zilipofungwa. Aprili mwaka huu alilazwa hapa mjini, mguu ukakatwa, lakini hali haikutengemaa. Siku moja binti yake Hana alimuuliza, “Mama, darasa tumwachie nani?” Akageukia ukutani.

“Mimi nimechoka, mwanangu. Sasa jiulizeni ninyi.”

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa tano asubuhi.

Ameacha watoto watatu, Hana, Damas na Geofrey, wajukuu saba, na mdogo wake Erica, aliyemuuguza hadi mwisho. Ameacha pia watoto arobaini na mmoja wa Msalato, ambao Jumatatu watafika mlangoni saa moja na nusu kama kawaida. Hana ataupika uji. Mwalimu bado hajapatikana.

Bwana ampokee mtumishi wake, naye Mwalimu Edina apumzike, safari hii bila kuamshwa na mtu.