Foleni ya Dawa Isiyokuwapo

Mgeni rasmi, Bwana Cheruiyot, mkuu wa masoko wa kampuni ya dawa. Viongozi wa kanisa mliotuazima hema na viti. Wenyeji wa Lodwar na majirani zetu wa Kakuma: ejok nooi, salamu nyingi, na poleni kwa jua.

MAKARIBISHO

Sisi ni watu wa kifafa, watu wanaosikia sauti zisizo na wenyewe, na watu ambao huzuni imewalalia kifuani ikakataa kuondoka. Tuko pamoja na mama zetu, kaka zetu, wake na waume zetu. Anayekusomea ni Nekesa, katibu wa kikundi, mwalimu aliyehamia huku kutoka Bungoma. Mumewe ni yule wa safu ya pili mwenye kofia. Leo sauti zake zimetulia, tunamshukuru Mungu.

Tumeambiwa umekuja kuzindua mpango wa "Matarajio ya Soko". Karibu sana. Tunaomba radhi kwa jambo moja. Ule ubongo mkubwa wa plastiki uliojazwa hewa, ambao ofisi yako iliutanguliza usimame mlangoni pa hema, ulichukuliwa na upepo jana mchana. Tuliukimbilia mpaka ng'ambo ya mto Turkwel, tukaukuta umenasa kwenye miiba na mbuzi wameuzunguka. Hauna hewa tena. Miavuli na fulana ziko salama.

HISTORIA YETU

Vikundi vingine huanza kwa mkutano. Chetu kilianza kwa Aluel.

Aluel alikuwa akikaanga mandazi kambini Kakuma, na watu walikuwa wakivuka lagga, ule mto mkavu, kuyafuata. Kifafa alikuwa nacho tangu utoto wake Sudan Kusini, lakini kwa kipindi kirefu alipata vidonge, akawa anameza kila siku, na ule ugonjwa ukamwacha kabisa. Aliinua karai la mafuta ya moto huku akiimba nyimbo za kanisani. Kisha vidonge vikaisha. Aliambiwa arudi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo ikawa kama maji ya mangati yanayong'aa barabarani: kila akiisogelea, nayo inasogea.

Asubuhi moja alianguka, mkono ukaingia motoni. Kaka yake Mayen alimvuta, akamuuguza kwa upendo, kisha akagawa jiko na karai kwa majirani.

"Wewe sasa ni wa kukaa kivulini," alimwambia, akamwekea kiti.

Mayen si mtu mbaya, mgeni rasmi. Aliogopa. Lakini Aluel alitueleza baadaye kwamba moto ulimuunguza mkono tu; kile kiti kilimuunguza mwili mzima.

Hapo ndipo kampuni yako ilipomtuma Bwana Kamande, mtafiti, aje atuketishe tuzungumze. Alitugawia soda, akatueleza kwa upole kwamba kampuni haiwezi kuleta dawa mahali pasipo na soko.

"Lakini sisi tunaugua," Aluel akasema.

"Najua, mama, na pole sana. Lakini kuugua si soko. Nimepita kwa Omollo, mwenye duka la dawa kule Lodwar. Anasema hakuna mtu anaulizia dawa ya kifafa."

"Hawaulizi kwa sababu haiko."

"Na haiko kwa sababu hawaulizi," akajibu Kamande, akatabasamu kama mtu aliyefunga mlango ukalia vizuri.

"Sasa hiyo soko ni kitu gani?"

Kamande akafikiri kidogo. "Soko ni watu, mama. Watu wanaenda kwa duka, wanasimama, wanasema: nataka hii."

Aluel akaweka chupa chini. Soda yake hakuimaliza. Alimwamini yule bwana, mgeni rasmi, na hilo ndilo lililotufikisha hapa.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ya kwanza ni ruhusa ya kutoka kambini. Afisa wa kambi alimuuliza Aluel anakwenda Lodwar kufanya nini.

"Kupanga foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya dawa."

"Dawa gani?"

"Ile haiko."

Afisa aliweka kalamu chini, akamtazama, akatutazama na sisi tuliokuwa nyuma yake. Akasema kwamba tangu aanze kazi hii hakuna aliyempa sababu ambayo ni vigumu hivyo kuipinga. Akaturuhusu.

Tukafika kwa Omollo asubuhi, tukajipanga mlangoni pake, Aluel mbele.

"Dawa ya kifafa iko?" akauliza.

"Haiko," Omollo akajibu.

"Tunajua."

"Sasa mnataka nini?"

"Tunaitaka."

"Mama, si nimesema haiko?"

"Na sisi tumesema tunaitaka. Wewe endelea na kazi, baba. Sisi ni soko."

Omollo alicheka. Kesho yake hakucheka, kwa sababu tulikuwa palepale. Kila mmoja wetu aliuliza kwa zamu yake, na Omollo, ambaye ni mtu wa adabu, alimjibu kila mmoja kwa zamu yake kwamba haiko. Kila aliyejibiwa akazunguka kwenda nyuma ya foleni, ila Aluel aliyekataa kuuacha mlango.

Watu wa Lodwar, kama tunavyojuana, hawaamini kwamba foleni inaweza kuwa haina kitu mbele yake. Mama mmoja Mturkana alisimama nyuma yetu na mtungi, akidhani ni maji. Wengine walileta magunia, wakidhani ni chakula cha msaada. Mzee Ekiru alikuja na mbuzi wake kwa kuwa aliambiwa ni chanjo. Tuliwaeleza ukweli, wakatuona wachoyo, watu wanaotaka kula peke yao. Foleni ikazunguka kona.

Penye watu hapakosi muuzaji. Wakaja wenye samaki wakavu wa Kalokol, wenye ndizi za Katilu, mwenye chai, kinyozi. Mwisho akaja afisa wa kaunti, amekasirika, akauliza nani aliyeturuhusu kufungua soko hapa.

Aluel alisimama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kanisani. "Bwana afisa, sema tena."

"Nasema hili ni soko! Soko bila kibali!"

"Omollo!" Aluel akaita. "Toka nje, usikie. Serikali imesema sisi ni soko."

Omollo akatoka, akamwomba afisa arudie. Afisa akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Tukampigia makofi. Aliondoka akiwa amechanganyikiwa, na soko likabaki.

Mchana huo Mayen alifika kutoka Kakuma kumchukua dada yake. "Twende nyumbani," alimwambia. "Unatuaibisha mbele ya watu wote hawa."

"Hawa si watu tu, kaka. Hawa ni soko. Simama nyuma yangu."

Kabla Mayen hajajibu, Aluel alianguka.

Wenye magunia walikimbia. Mwenye chai aliiacha birika. Mayen alipiga magoti mchangani, akamlaza dada yake ubavu, akamwekea shati lake chini ya kichwa, akamkinga jua kwa mwili wake. Hakumzuia, hakumtia kitu mdomoni. Alingoja tu, huku akimwita polepole kwa Kidinka. Mtaa mzima ulinyamaza, hata mbuzi wa Ekiru.

Aluel alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani amechukua nafasi yangu?"

"Hakuna," Mayen akasema, na machozi yakamtoka. "Mimi niko hapo."

Yule mama wa mtungi ndiye aliyesogea wa kwanza. "Kumbe dawa ni ya hii?" akauliza. "Kwangu yuko mmoja. Tunamfungia ndani tukitoka."

"Kwetu pia," akasema kinyozi, bila kumtazama mtu.

Mzee Ekiru akasema binti yake haanguki, ila hazungumzi tangu mazishi ya mumewe, na hula akikumbushwa tu. Je, hiyo nayo ina foleni yake? Aluel, akiwa bado amelala chini, akamwambia hii hii inatosha.

Waliondoka, mgeni rasmi. Tulidhani wamekimbia. Kesho yake walirudi bila mitungi na bila magunia. Walirudi na watu wao. Tuliona watu ambao Lodwar haijawaona kwa miaka, wakifinya macho kwa ukali wa jua, wameshikwa mikono na ndugu zao kama maharusi. Yule mama alikuwa na mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, aliyekuwa akistaajabia pikipiki moja baada ya nyingine. Wote wakauliza kwa zamu. Omollo akajibu kwa zamu kwamba haiko, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Jioni alitoa sabuni na mafuta ya nywele kwenye rafu moja, akaipangusa, akaiacha tupu. Nayo tunaihesabu katika mafanikio.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja. Dawa haiko.

Bwana Kamande alipokuja kutuona mara ya pili alifurahi sana, akapiga picha, akasema soko sasa lipo na hata linakua. Tukamuuliza, je, dawa? Akasema soko jipya huzinduliwa kwanza. Ndipo ikaja miavuli. Tunaishukuru miavuli, imetufaa foleni.

MAOMBI

Tunaomba dawa za kifafa, za sauti na za huzuni. Tunaomba zije, na zikishakuja zisikatike, kwa maana aliyeonja uzima akanyang'anywa huumia kuliko asiyeujua. Tunaomba ziwe za kununulika na muuza mandazi.

Na tuna ombi dogo. Risala hii ilikuwa isomwe na Aluel mwenyewe. Tulimshonea hata gauni. Asubuhi alikataa kuja. Alisema, "Nikienda hemani, mimi ni mgeni kama wengine. Nikibaki mlangoni pa Omollo, mimi ni soko." Mayen yuko naye, amemshikia mwavuli wenye nembo yako.

Hivyo, ukimaliza kujibu, tunaomba usielekee uwanja wa ndege moja kwa moja. Kwa Omollo ni karibu, utaiona foleni. Aluel atakuuliza kama dawa iko. Tunaomba umjibu wewe kwa kinywa chako, kwa sababu Omollo amechoka kujibu.

Mungu aliyekuleta salama akupe jibu jema, autie nguvu ulimi wako ulitamke, na ailinde safari yako na watu wa nyumbani kwako.

Ni sisi,
Soko la Lodwar na Kakuma, ambalo zamani lilijulikana kama Kikundi cha Wagonjwa wa Kifafa na Afya ya Akili.