Shemeji Amesusa Jiko

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la fundi cherehani, chini kabisa ya dirisha la chumba anachokaa yeye na mkewe. Hilo dirisha likumbuke. Tukikaa wanne benchi limejaa, na wa tano akija lazima mmoja wetu ajifanye ana kazi. Mbele ya benchi pana jiko la mkaa, na juu ya jiko, siku zote, pana birika la kahawa ya mke wa fundi, ambaye sisi sote tunamwita Shemeji. Mchana ninaousimulia jiko lilikuwa limejaa majivu ya siku zilizopita, birika limeinamishwa, na vikombe vimefungiwa ndani. Shemeji alikuwa amesusa. Hasemi na mumewe, hatoki barazani, na kubwa kuliko yote, alikuwa ameapa hakanyagi tena kwenye darasa la Kiingereza la watu wazima, wakati siku hiyohiyo saa tisa ndio walikuwa na mtihani wa kuongea, na asiyetokea anafutwa jina. Yote hayo kwa sababu ya neno moja. Juzi yake alikuja na birika mkononi, akasimama mbele yetu, akasafisha koo, akasema kwa Kiingereza: "Every morning I kindle the fire." Yaani kila asubuhi ni yeye anayewasha moto. Kisha yakatokea yaliyotokea.

Wa kwanza kujitetea alikuwa Breki, dereva mstaafu wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu zamani alikuwa hazitumii.

BREKI: Mimi naomba jambo moja lieleweke. Hatukumcheka yeye. Tulicheka neno.

WEMBE: Na neno lilikuwa mdomoni mwa nani?

Wembe ni kinyozi. Duka lake limepakana na la fundi, na muda huo alikuwa amemwacha mteja kwenye kiti na nusu ya kichwa.

BREKI: Mdomo wa mtu ni mali yake. Mimi sikuugusa.

MIMI: Mimi hata sikucheka. Nilikohoa.

WEMBE: Ulikohoa mpaka ukaanguka?

MIMI: Gundi ya viatu ina harufu kali. Mkae nayo kutwa nzima muone.

SINDANO: Jamani, acheni hayo, nisaidieni.

Huyo Sindano ndiye fundi cherehani mwenyewe, mume wa Shemeji. Alikuwa amekaa pembeni ya benchi, mkanda wa kupimia umening'inia shingoni, macho yamemvimba.

SINDANO: Nalala kwenye kochi. Kochi lenyewe limenichoka. Chai napewa, lakini kikombe kinagongwa mezani kama muhuri. Darasa hilo amelitafuta miaka, leo analiacha kwa ajili yetu. Nikikaa kimya, nimeoa adui.

BREKI: Sasa unataka kufanya nini?

SINDANO: Nataka nisimame hapa dirishani nimwambie kwa Kiingereza. Kwa neno lake lilelile, ajue nimeliheshimu. "Please kindle the fire again." Lakini nikikosea safari hii nimekwisha. Kwa hiyo niambieni ukweli: hilo neno lipo au halipo?

BREKI: Halipo.

WEMBE: Umejuaje?

BREKI: Bwana wee, nimefanya kazi kwa bosi ambaye Kiingereza kilikuwa kinamtokea puani. Sikuwahi kulisikia. Kuwasha ni "ignite", basi. Ndio maana pale unapochomeka ufunguo wa gari panaitwa hivyohivyo.

WEMBE: Hiyo ni ya gari.

BREKI: Moto ni moto. Ndani ya injini kuna moto, ndani ya jiko kuna moto. Tofauti yake ni magurudumu tu.

SINDANO: Kwa hiyo nimwambie "Please ignite"?

WEMBE: Thubutu! Atajua unamfananisha na lori.

SINDANO: Mungu wangu.

MIMI: Tena lori la Breki, lile la kusukumwa.

BREKI: Lilikuwa linasukumwa asubuhi tu! Mchana lilikuwa linawaka lenyewe, msinivunjie heshima.

Wembe akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Humo ndani ana kamusi, na tangu aipate hatupumui. Akatia mate kidoleni kama anafungua kitabu, akatafuta.

WEMBE: Lipo.

BREKI: Soma vizuri.

WEMBE: Nimesoma. "Kindle" ni kuwasha moto. Hasa ule wa kuanzia na vijiti. Unaanza kidogo kidogo, unabembeleza, mpaka ushike. Hiyo "ignite" yako ni ya ghafla, cheche moja, paa! Taa, mshumaa na sigara vina neno lao jingine, "light". Halafu kuna "set fire", hiyo ni kesi.

MIMI: Kesi kivipi?

WEMBE: Nyumba ikiwa si yako, unafikiri watakuita chai?

SINDANO: Ngoja kwanza. Kwa hiyo mke wangu alikuwa sahihi?

Mimi nilitazama juu kidogo, nikaona pazia la dirisha limetikisika wakati upepo haukuwepo. Nikanyamaza. Mambo ya ndoa ya watu siyaingilii, labda nikiombwa.

WEMBE: Sahihi kabisa. Na kuna zaidi. Hili neno haliishii kwenye jiko. Unaweza kuwasha nalo matumaini. Unaweza kuwasha mapenzi. Unaweza kuwasha hata hasira.

BREKI: Ahaa! Simama hapohapo. Hasira!

SINDANO: Hasira zimefanyaje?

BREKI: Sindano ndugu yangu, wewe ulikuwa unapewa onyo na ukalichukulia mzaha. Mwanamke anasimama mbele ya mashahidi, anasema kila asubuhi anawasha. Hakusema leo. Hakusema Jumatatu. Kila asubuhi! Huyo ana hasira na wewe tangu siku ya ndoa, anaipuliza taratibu.

SINDANO: Lakini alikuwa anatabasamu.

BREKI: Hao ndio wabaya.

WEMBE: Breki, wewe huna jema. Kwa nini isiwe mapenzi? Kila asubuhi anawasha mapenzi. Maneno matamu hayo!

SINDANO: Asubuhi? Asubuhi mimi nakuwa bado nimelala.

Breki akainua kidole polepole.

BREKI: Na saa hizo, hapa nje, anakuwepo nani?

Wote watatu wakanigeukia mimi, kwa sababu kibanda changu cha viatu kinafunguliwa mapema kuliko vyote.

MIMI: Nyie! Mimi nashona viatu!

BREKI: Nani amesema hushoni?

MIMI: Sindano, usinitazame hivyo. Shemeji yangu huyo ni kama dada yangu wa tumbo moja. Akinipa kikombe namwambia asante, yeye ananiambia karibu. Mapenzi yote yameishia hapo.

SINDANO: Mimi sijasema kitu.

MIMI: Macho yako yamesema.

WEMBE: Ngojeni, ngojeni, kuna nyingine huku chini. Hii ni kubwa. Sungura jike akizaa, nako wanasema "kindle".

BREKI: Zima hiyo simu.

WEMBE: Haki ya nani vile! Imeandikwa. Sungura akizaa vitoto vyake, neno ni hilohilo.

Sindano akasimama wima, mkanda wa kupimia ukaanguka chini.

SINDANO: Mke wangu ana mimba!

MIMI: Umelitoa wapi hilo?

SINDANO: Si mnaona? Alikuwa ananipa habari njema kwa mafumbo, nami nikacheka! Ndio maana siku hizi hanywi hata kahawa!

MIMI: Hajawahi kunywa kahawa. Anatupikia sisi.

BREKI: Kama ni habari ya sungura, jiandae, wale hawaji mmoja mmoja. Nunua kochi jingine.

Ndani ya chumba sufuria likagongwa kwa kishindo mpaka kuta za duka zikaitika.

BREKI: Paka.

SINDANO: Hatuna paka.

Tulikuwa bado tunatazamana pale mwanamke mmoja alipokuja na kusimama mbele ya benchi. Alivaa sare ya kijani ya watu wa usafi wa hospitali, kwapani amebana daftari. Hakuna aliyejifanya ana kazi, kwa hiyo hakupata pa kukaa.

MGENI: Hamjambo kaka zangu? Namuulizia dada wa kahawa. Tunasoma naye darasa moja.

SINDANO: Karibu, dada. Yumo ndani. Hajisikii vizuri kidogo.

MGENI: Jamani! Na leo ndio siku yetu. Nimempitia ili tufanye mazoezi njiani. Maana mwalimu alituagiza kila mtu atunge sentensi kuhusu kazi yake, akaiseme mbele ya watu anaowaamini, halafu leo tuje tueleze walitujibu nini. Mimi niliisema wodini. Wagonjwa walinipigia makofi, mmoja mkono mzima una plasta akapiga paja. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Yeye akasema ataisema kijiweni kwake, ana watu wanne pale. Aliifanyia mazoezi sana, tulikuwa tukimsikia hata chooni.

Alitutazama mmoja mmoja, akahesabu kwa macho, akaona tuko wanne. Akatabasamu.

MGENI: Kumbe ndio nyie. Enhe, alipomaliza kusema, mlimjibu nini?

Wembe akaitazama simu yake. Simu haikuwa na neno. Breki akakanyaga chini kwa mguu wa kulia, kama anatafuta ile breki aliyoikosa miaka yote. Sindano akainama kuokota mkanda wake na hakuinuka. Mimi nilitamani sana kukohoa, lakini koo lilikuwa safi kabisa, halina hata tone la kikohozi.

MGENI: Mbona kimya?

Pazia likavutwa kwa nguvu. Shemeji huyo, kichwa dirishani, juu ya vichwa vyetu.

SHEMEJI: Walicheka, dada. Hilo ndilo jibu. Walicheka wote wanne. Breki alijipiga mapaja. Kinyozi akanibandika jina, Madamu Kindo, sasa hata watoto wa mtaa wananiita hivyo. Huyo fundi viatu anayejidai alikohoa alimwaga kopo zima la gundi. Na mume wangu, ambaye wakati nasema nilikuwa namtazama yeye peke yake, ndiye aliyeanza.

Mgeni alibadilisha daftari kutoka kwapa hili kwenda lile.

Sindano akainuka. Ile sentensi yake ya Kiingereza niliiona ikimfika mdomoni na kurudi. Akasema kwa lugha aliyomtongozea.

SINDANO: Ni kweli, mke wangu. Nilianza mimi. Nilikuona umesimama pale, umenyooka, unaongea kitu ambacho mimi sikijui, nikaingiwa na woga. Nikaona unaniacha. Nikacheka ili nisionekane mjinga. Nimekukosea sana. Ukitaka usiseme na mimi mwaka mzima, usiseme. Lakini darasa usiache. Nenda, nakuomba.

Shemeji akamtazama. Kisha pazia likarudi.

BREKI: (kwa kunong'ona) Amezima.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji akatoka amevaa gauni lake la kutokea, hereni zote mbili, viatu vimepigwa rangi, mkoba begani. Mtu havai hivyo kwa dakika moja. Ina maana wakati sisi tunajadili sungura, yeye alikuwa tayari anapiga pasi. Akapita kati yetu, akaingiza mkono mkobani, akatoa kiberiti, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe.

SHEMEJI: Kindle.

SINDANO: Ndiyo, mama.

Wanawake hao wakaondoka wameshikana mikono, na mpaka wanakata kona tulimsikia Shemeji akirudia sentensi yake, sauti juu, kila neno mahali pake. Hakuna aliyecheka. Breki alikuwa ameuma kofia, lakini nafikiri ni machozi alikuwa anazuia, ingawa ukimuuliza atakwambia ni vumbi.

BREKI: Haya, mwenye kiberiti, washa.

Tukamwaga mkaa juu ya jiko, tukaujaza ukaota kichuguu. Wembe akasoma kwenye simu kwamba vinatakiwa vijiti vidogo. Vijiti hatukuwa navyo, tukatumia vitambaa vilivyobaki dukani. Vikatoa moshi wa nailoni. Breki akapendekeza dizeli, tukamkumbusha habari za kesi. Mimi nikapuliza mpaka nikaona nyota mchana kweupe. Mteja wa Wembe akatoka na nusu ya kichwa chake kuja kutupa ushauri, naye akashindwa, akarudi kitini. Njiti zikaisha. Kahawa hatukuiona.

Shemeji aliporudi jua limeshapoa, alitukuta wote wanne tumelizunguka jiko, tumechuchumaa, macho mekundu, Sindano ana masizi mpaka masikioni.

SINDANO: Vipi?

SHEMEJI: Nimefaulu. Mwalimu aliuliza walinijibu nini, nikamwambia bado wanatafuta jibu.

Akainama, akachungulia chini ya ule mlima wa mkaa, ndani ya tumbo la jiko.

SHEMEJI: Majivu mliyatoa kwanza?

Tukatazamana. Breki akamtazama Wembe, Wembe akanitazama mimi, mimi nikamtazama mwenye mke.

Basi Shemeji akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaishikilia nguzo ya baraza, akajifuta machozi kwa mkoba, akatutazama tena, akaanza upya. Nasi tukakaa palepale tumechuchumaa, tukamsubiri amalize, maana zamu ilikuwa yake.