Nani Kawaambia Hatuna Muziki?

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu wanaolikalia wamesahau. Nililiweka mbele ya kibanda changu cha kushona viatu ili mteja apate pa kukaa nikimalizia soli yake, lakini wateja sijawaona. Namwona Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kama shahidi, akatolewa kwa maneno mengi. Namwona Spana, fundi magari anayerekebisha serikali kuliko anavyorekebisha magari. Namwona Mama Kahawa, aliyeiteka kona nzima na birika lake bila hata hodi. Asubuhi ile walikuwa na hasira, na mimi pia, na ilikuwa haki yetu. Halmashauri ilikuwa imebandika tangazo: ruzuku ya tamasha la muziki, ile inayokuja mtaani kwetu kila mwaka, imepelekwa mtaa wa pili. Sababu waliyoitoa ni kwamba mtaa huu hauna shughuli za muziki. Na katikati ya benchi alikaa Kapteni, kiongozi wa bendi yetu, amepakata tarumbeta yake ndani ya mfuko wake mweusi. Kahawa yake ilikuwa imepoa.

— Hatuna muziki! — Spana alifoka, akalipiga benchi kofi. — Sisi! Mtaa ambao hata mbwa wake wanabweka kwa mapigo!

— Nani kawaambia? — akauliza Wakili. — Hilo ndilo swali la kisheria. Nani kawaambia?

— Taratibu na benchi langu, — nikasema.

— Fundi, leo usituletee habari za mbao. Tumedhulumiwa.

Kweli tumedhulumiwa. Mtaa wa pili wana nini? Wana kijana mmoja mwenye spika na kompyuta. Anabonyeza kitufe, anakwenda kununua soda, muziki unaendelea wenyewe. Hiyo ndiyo shughuli. Lakini tarumbeta ya Kapteni, iliyotuoza na itakayotuzika, hiyo si shughuli. Nilipiga msumari kwa hasira, ukapinda.

— Mimi nasema ni yule mwenye ghorofa, — akasema Spana. — Tangu ajenge pale, wimbo wake ni mmoja: kelele, kelele. Si aliapa atampeleka Kapteni kwenye sheria? Kawahonga.

— Ampeleke vipi, na hampati? — Mama Kahawa akadakia. — Kila anayekuja hapa kumuulizia Kapteni anarudi mikono mitupu.

— Ndiyo kanuni ya kijiwe, — Wakili akasema kwa fahari. — Mtu baki akimuulizia mtu wetu, hatumjui. Hata akimuulizia mama yako mzazi, humjui, mpaka ieleweke anamtakia nini.

— Mnamkumbuka yule wa mwezi uliopita, mwenye mkoba? — Spana akaanza kucheka. — Anauliza kwa adabu zote, bendi iko wapi. Nikamwambia, kaka, bendi gani? Hapa muziki hakuna, hata redio hatuna!

— Na mimi nikamwapia, — akasema Mama Kahawa. — Nikamwambia watu wa hapa ni wa huzuni tu.

Tukacheka wote. Hata Kapteni alitabasamu.

— Ahsanteni, wanangu, — akasema. — Nyinyi ndio ukuta wangu.

Alipotabasamu ndipo nikayaona meno yake. Naye akaona kwamba nimeyaona.

— Haya mawili ya mbele yanacheza, — akasema. — Daktari anataka kuyang'oa. Nimemwambia asubiri tamasha lipite. Bila meno ya mbele hupulizi tarumbeta, unapuliza mate. Mwakani sitaweza. Nilitaka niwaage watu nikiwa jukwaani, mchana kweupe, si nyuma ya gereji ya Spana kama mwizi.

Kisha hasira ikarudi, imenona.

— Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, — Wakili akainua kidole. — Nguoni! Sasa jiulizeni, nani anashughulika na nguo mtaa huu?

— Fundi cherehani? — Mama Kahawa akashangaa.

— Mimi sijasema. Wahenga ndio wamesema.

— Maskini ya Mungu, yule si kiziwi?

— Enhee! Ndiyo maana akawaambia hakuna muziki. Hausikii!

— Mnahangaika na vidogo, — akasema Spana. — Hawa watu wana mtambo angani. Unapima kelele za kila mtaa. Siku ulipopita juu yetu, Kapteni alikuwa anakula.

— Mtambo utajuaje kipi ni muziki na kipi ni nyundo zako?

— Si ndiyo maana umekosea!

— Nyote hamjui kitu, — akasema Mama Kahawa. — Yule mkubwa wa halmashauri utotoni aliomba kupiga ngoma, akafukuzwa kwa kukosa mapigo. Mpaka leo akisikia tarumbeta anajifungia bafuni analia.

— Umeyajua wapi hayo?

— Mwangalieni anavyotembea. Mguu wa kulia hauuelewi wa kushoto.

Siku nyingine ningecheka mpaka nidondoshe sindano. Siku hiyo nilimtazama Kapteni, anaupapasa mfuko wa tarumbeta, na kicheko hakikuja.

— Mkubwa simlaumu sana, — akasema. — Ninayemlaani ni yule aliyetumwa. Waliniambia uso kwa uso: mwaka huu tutatuma mtu kwanza, aje aone mazoezi, ndipo tuamue. Mwezi uliopita wote nimekaa kule nyuma na bendi nzima, mashati yamepigwa pasi. Hakuja mtu! Jana nimekwenda ofisini kwao, nikapayuka mpaka walinzi wakanishika mkono.

— Mvivu mkubwa! — Spana akatema mate pembeni. — Kakaa kwake, kaandika uongo!

— Mficha uchi hazai! — Wakili akagongelea, na hakuna aliyejua methali ile kaitoa wapi wala anaipeleka wapi.

— Angekuja tungemwona, — nikasema na mimi, nimeshapandwa na hasira. — Njia ya kwenda gereji inapita hapa, mbele ya pua zetu.

Hapo akatokea mwanamke mmoja, mfuko begani, kisigino cha kiatu kimoja kimeliwa upande. Mimi watu nawatazama kuanzia chini. Alisimama mbele yetu, akatusalimia vizuri.

— Samahanini, naomba kuuliza. Mazoezi ya bendi yanafanyika...

— Hapa muziki hakuna, dada, — Spana akamkata.

— Hata redio hatuna, — akasema Wakili.

— Jaribu mtaa wa pili, — akasema Mama Kahawa, anamimina kahawa bila kumwangalia.

Mwanamke alishusha pumzi.

— Basi mwenzangu hakukosea, — akasema. — Na yeye alijibiwa hivi hivi. Jana, mimi sipo, mzee mmoja kaja ofisini kwetu, kafoka, kaapa kwamba bendi ipo. Nikasema nije mwenyewe, labda mwenzangu hakuuliza vizuri.

Kikombe kikajaa. Kahawa ikamwagika, ikatambaa kwenye benchi langu mpaka ikaanza kudondoka chini, na Mama Kahawa bado anamimina. Hata mimi nililisahau benchi.

Yule mwanamke alikuwa ameshageuka kuondoka. Kisha akasita, akatazama mapajani mwa Kapteni.

— Na hicho alichopakata mzee ni nini?

Wakili, ambaye ana jibu la kila jambo chini ya jua, alinyanyua kikombe kitupu, akanywa. Spana akainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Mimi nikashika nyundo, na hapakuwa na msumari wa kupiga.

Kapteni hakumtazama yule mwanamke. Alitutazama sisi, mmoja mmoja, bila haraka.

— Dada kauliza, — akasema. — Si nyinyi ndio wasemaji wangu? Mwambieni ni nini.