Mwalimu Chamaiphon na Warembo Walioanikwa Upeponi

Tarehe 30 Septemba Mwalimu Chamaiphon Intharasut anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Kitengo cha Maneno ya Fasihi ya Kale. Kitengo chenyewe kinafungwa siku hiyo hiyo. Nimeombwa niandike jambo la kuchangamsha, nami nitajitahidi.

Alipoajiriwa alipewa kazi iliyosemekana ni ya mwaka mmoja: kupanga kwenye kompyuta majina yote ambayo washairi wetu wa kale wa Kithai walimwitia mwanamke. Yapo anong, samon, yuphin na mengine tele, na kamusi huyaeleza yote kwa neno moja tu, “mwanamke”. Dada Tum, kama tunavyomwita hapa, hakukubali. Alisoma ubeti kwa ubeti, akalipanga kila jina kwa hali yake: la kubembeleza, la kuagana, la kumlilia mke ukiwa safarini.

Maandishi yetu ya Kithai hayaachi nafasi kati ya neno na neno, na hapo kompyuta ilimtoa jasho. Macho ya mviringo ni “ta klom”. Herufi hizo hizo ukizikata pasipo pake, unasoma “tak lom”, kuanikwa upeponi. Basi warembo wote wenye macho ya mviringo wakaingizwa kundi moja na nguo zilizofuliwa! Dada Tum alicheka hadi akamwaga chai, kisha akaketi kuwaanua mmoja mmoja.

Mwaka huu umeletwa mfumo mpya, wenye nafasi ya maana moja kwa kila neno. Mkurugenzi wetu, Dokta Wirot, alituita akasema, “Jamani, msomaji wa leo anataka jibu fupi. Anong, mwanamke. Samon, mwanamke. Tumemaliza, si ndiyo?”

Dada Tum akamuuliza kwa upole, “Mkuu, mkeo akinuna, unambembeleza kwa kumwita mwanamke?”

Tulicheka sote, hata Mkuu. Kisha akabonyeza kitufe.

Makundi yote yamefutika. Nakala zipo, lakini zinafunguka kwenye ile mashine kuukuu tu, nayo inaondolewa pamoja na kitengo. Wanafunzi aliowafunza kazi hii wanauza bima. Ningependa kuandika kwamba kazi yake itaendelea, ila haitaendelea, na inaniuma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jana tulinunua shada la asumini, tukataka kuandika kwenye utepe jina moja la kale, la kumwita mwanamke anayeondoka huku kazi yake ikizimwa nyuma yake. Hakuna aliyelijua. Tukatafuta msaada kwenye mfumo mpya, ukatupa jibu lake fupi. Utepe umebaki mtupu.

Asante, Dada Tum. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wasumbufu. Jina linalokufaa tunajua lipo. Wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, naye ndiye tunayemuaga.